Mashine ya baba ya kujazia risasi inamwaga baruti isiyolingana: nipanue tundu?

*"Kamwene mzee. Mimi ni mkulima wa mahindi na viazi huku Mufindi. Marehemu baba aliachiwa bunduki ya marisau na mzungu wa shamba la chai, ya Kiingereza, mitutu miwili, namba 12. Nilifuata taratibu zote polisi na sasa leseni iko kwa jina langu. Kwenye sanduku la baba nimekuta pia mashine ya mkono ya kujazia maganda, kikombe cha shaba cha kupimia chenye alama 3 na 3¼, makopo mawili ya baruti ambayo karatasi zake zimebanduka, na kibati cha fataki. Risasi za dukani zimepanda bei na nguruwe pori hawasubiri, nikajaza chache. Nyingine zinapiga kwa kishindo na ganda linagoma kutoka mpaka nilisukume kwa kijiti kutokea mbele. Nyingine zinalia 'puu' tu, mtutu unabaki na punje za baruti ambazo hazikuungua. Nimechunguza nikaona ule utepe wa chuma unaoteleza chini ya chupa ya baruti umelika. Fundi wa kukereza vyuma hapa Mafinga anasema anaweza kupanua tundu lake na kutia bushi mpya, ile pete ya ndani ya tundu. Nimwambie atoboe milimita ngapi? Na mashine hii ni kumbukumbu ya baba, sitaki kuitupa."*

Kamwene, mwanangu. Pole kwa kufiwa, na pole kwa shamba. Kabla ya lolote nakuomba mambo mawili leo hii. Bunduki hiyo isipige tena, hata kwa risasi ya dukani, mpaka mitutu ikaguliwe. Na makopo yale, fataki, pamoja na risasi ulizokwisha kujaza, visiguswe tena na mtu yeyote wa nyumbani. Milimita sitakupa, na nitakueleza sababu kwa kirefu, kwa kuwa umeuliza kama mtu anayefikiri na unastahili kujibiwa hivyo.

Wewe unaona shida ni utepe uliolika. Utepe umelika kweli, sikatai. Lakini hata ungekuwa mpya kutoka kiwandani, risasi zako zingebaki za hatari vilevile, maana utepe haujui ni baruti gani iliyo juu yake. Na wewe hujui. Fundi wa Mafinga naye hajui.

Tuanze na kinachotokea ndani ya chemba unapovuta kifyatulio. Pini inagonga fataki, fataki inatoa mwale wa moto, mwale unawasha baruti. Baruti ya kisasa isiyo na moshi imetengenezwa kwa nitroselulosi, na nyingine huongezwa nitrogliserini. Haiungui yote kwa mara moja. Inaungua kutoka juu ya uso wa kila punje kuingia ndani, na kasi ya kuungua inategemea umbo la punje, unene wake, na dawa iliyopakwa juu yake ili kuipunguza kasi. Sasa shika hili moja: presha ikipanda, baruti inaungua haraka zaidi, na ikiungua haraka zaidi presha inapanda tena. Kwa hiyo ukiongeza baruti kidogo, presha haiongezeki kidogo kwa uwiano uleule. Inaruka. Huo ndio mlango ambao mikono na macho ya watu hupotelea.

Kwa bunduki namba 12, C.I.P., tume ya kimataifa inayosimamia upimaji wa usalama wa silaha, imeweka kikomo cha presha ya risasi ya kawaida kuwa bar 740. Tairi la gari dogo lina bar mbili na ushei. Chuma cha bunduki yako kinabeba zaidi ya mara 300 ya presha hiyo, kwa nukta ndogo ya sekunde, sentimita chache kutoka kwenye shavu lako. Kinabeba kwa sababu aliyekitengeneza alijua kikomo. Baruti isiyo na jina haina kikomo kinachojulikana.

Nije kwenye kikombe cha shaba, maana ndicho kilichonitisha kuliko mashine yenyewe. Alama 3 na 3¼ ni dramu, kipimo cha zamani cha Waingereza. Dramu tatu ni karibu gramu 5.3, na kipimo hicho ni cha baruti nyeusi, ile ya shura, kiberiti (salfa) na makaa, inayotoa moshi mzito. Baruti isiyo na moshi ina nguvu zaidi kwa mbali. Kusukuma marisau yaleyale kwa mwendo uleule, inatosha takriban robo ya uzito huo. Ni nyepesi pia kwa ujazo, kwa hiyo kikombe hakitabeba gramu tano, lakini ukikijaza mpaka alama ya 3 unaweza kuwa umeweka mara mbili ya kipimo salama, na kwa baruti nyingine zaidi ya hapo. Ganda litapokea, kizibo kinachokaa kati ya baruti na marisau kitaingia, mdomo utafungwa vizuri. Kwa nje hutaona kasoro yoyote.

Najua maneno utakayoambiwa kijijini: mbona wazee walitumia kikombe hichohicho? Ni kweli. Zamani zilitengenezwa baruti zisizo na moshi ambazo makusudi zililinganishwa ujazo na baruti nyeusi, ili wawindaji wasibadilishe vikombe vyao. Hizo zimeshapita na wakati wake. Kikombe kimebaki, na desturi imebaki, ila baruti iliyofanya desturi ile iwe salama haipo tena. Wengine watakutajia wenye magobole, wanaomimina kiganjani kwa kukadiria. Magobole hupasuka, na wanaobaki hai hawapendi kusimulia. Isitoshe gobole linashindiliwa baruti nyeusi, ambayo kasi yake ya kuungua haipandi na presha kama ya kisasa. Ukadiriaji wa gobole usiupeleke kwenye bunduki yako.

Sasa dalili zako. Ganda kugoma. Risasi inapolipuka ganda linatanuka na kubana ukuta wa chemba ili gesi isirudi nyuma, halafu presha ikishuka linanywea na kutoka kwa urahisi. Presha ikizidi, kitako cha shaba kinatanuka kupita kiasi na hakirudi. Nikuambie ukweli wote: ganda linaweza kugoma kwa sababu nyingine. Huenda lilitumika mara nyingi bila kurudishwa kwenye kipimo chake, au ni la karatasi na limevimba kwa unyevu, na Mufindi unyevu mnaujua. Lakini wewe umetaja kugoma pamoja na kishindo kisicho cha kawaida, na nyuma yake kuna kopo lisilo na jina. Sina ruhusa ya kuchukua maelezo mepesi hapo.

Na zile zinazolia "puu". Wengi huzicheka na kupakia nyingine. Mwanangu, hiyo ndiyo dalili mbaya zaidi ya zote mbili. Baruti ikiwa kidogo, au imeoza, au mdomo wa ganda haukufungwa sawasawa, moto haupati presha ya kutosha na kizibo kinaweza kubaki katikati ya mtutu. Bunduki inaonekana tupu kwa nyuma. Risasi inayofuata, hata iwe nzuri ya kiwandani, inakuta njia imezibwa. Mtutu wa bunduki ya marisau ni mnene kwenye chemba, lakini kadiri unavyokwenda mbele unapungua mpaka kuwa mwembamba sana, na pale mbele ndipo mkono wako wa kushoto unaposhika. Chuma kinavimba kama pete, au kinafunguka. Siku yoyote ukisikia mlio dhaifu, kwa risasi yoyote ile, acha mdomo wa bunduki uelekee mahali salama, subiri angalau nusu dakika kwa kuwa baruti huweza kuchelewa kushika, ndipo ufungue, utoe maganda yote mawili, na uangalie mwanga kupitia kila mtutu. Usiku shambani, nguruwe wanakimbia, moyo unakudunda, ni rahisi mno kusahau. Ndiyo maana nalikazia.

Turudi kwenye utepe. Mashine za aina yako hupima kwa ujazo: tundu linakaa chini ya chupa, linajaa, utepe unateleza, baruti inamwagika ndani ya ganda. Hata kwenye mashine mpya kiasi hakilingani kabisa kila mara. Chupa ikiwa imejaa, baruti inashindiliwa na uzito wa juu, na ikikaribia kwisha inalegea. Ukivuta wenzo kwa nguvu, mtikisiko unaipanga vingine kuliko ukivuta polepole. Unyevu unazigandisha punje, na hali ya hewa kavu inazifanya zishikwe na umeme tuli kwenye plastiki. Utepe ukilika, punje zinapenya pembeni na nyingine zinasagika. Haya yote fundi mzuri wa kukereza anaweza kuyapunguza, na sina shaka na mikono ya huyo wa Mafinga.

Lakini tazama hesabu hii. Tundu la milimita 12 likipanuliwa kuwa 13, jicho halioni tofauti. Ujazo wake, kina kikibaki kilekile, umeongezeka kwa asilimia 17. Ukikumbuka nilivyosema kuhusu presha kuruka, utaona milimita moja ya kekee inavyoweza kuwa tofauti kati ya risasi na bomu. Na "tundu sahihi" halipo lenyewe. Kila baruti ina tundu lake, na tundu hilo hubadilika tena ukibadili aina ya ganda, fataki, kizibo au uzito wa marisau. Watengenezaji wa mashine hizi huchapa majedwali ya bushi kwa majina ya baruti, na hata hivyo humwambia mtumiaji apime kwa mizani kabla hajaziamini. Wewe huna jina la kuanzia. Milimita yoyote nitakayokutajia itakuwa kamari, na kinachowekwa rehani ni uso wako.

Nisiwe mwonevu kwa mashine. Marekani na Uingereza watu wengi hujaza risasi nyumbani, na kwa kawaida huzeeka wakiwa na vidole vyao kumi. Wao hununua baruti iliyofungwa, yenye jina na toleo, wana mizani nyepesi ya kupima sehemu za gramu, na wana vitabu vya vipimo vya watengenezaji ambavyo vimejaribiwa maabara, ganda kwa ganda, fataki kwa fataki. Hawabadili kitu kimoja bila kurudi kwenye jedwali. Hapa kwetu hakuna hata kimoja cha hivyo mkononi mwako, na baruti unayoweza kuipata kwa njia za vichochoroni ni ya kupasulia mawe au mabaki ya mtu mwingine asiye na jina. Hiyo usiifikirie hata kidogo.

Halafu kuna sheria. Leseni uliyonayo inakuruhusu kumiliki bunduki ile na risasi zake. Kutengeneza risasi ni jambo jingine kabisa chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na bila kibali chake ni kosa. Ukimpa fundi kazi ya utepe ule, unamwingiza naye, mtu anayetafuta riziki ya familia kwa kutengeneza vipuri vya trekta.

Nakushauri uende kwa Mkuu wa Polisi wa Wilaya, mapema na kwa hiari yako. Nenda mikono mitupu, na leseni yako na karatasi za mirathi. Eleza ulichokikuta kwenye sanduku na omba waje wachukue, au wakuelekeze namna. Usivipakie kwenye bodaboda wala kwenye Coaster ya Iringa yenye abiria. Ukiwa na wasiwasi wa kuulizwa kuhusu risasi ulizojaza, tafuta kwanza mwanasheria au kituo cha msaada wa kisheria, kisha uende naye. Mtu aliyekwenda mwenyewe na aliyekutwa navyo siku ya upekuzi hawasikilizwi kwa sikio moja.

Mpaka watakapofika, yaache makopo yalipo kama ni mahali pakavu, penye ubaridi, mbali na moto na watoto. Nakutaja moto kwa makusudi, kwa kuwa Juni na Julai huko kwenu watu huingiza jiko la mkaa ndani kwa baridi, na masanduku ya urithi mara nyingi hukaa chumba hichohicho, au darini juu ya jiko. Kama ni hivyo, mlale chumba kingine na jiko lihame. Baruti ya nitroselulosi huoza kwa umri. Dalili zake ni harufu kali ya tindikali, vumbi la rangi ya kutu, na kopo kulika kutokea ndani. Ukiona hayo kwa nje, usifungue ili uhakikishe. Ondoka na upige simu polisi siku hiyohiyo. Usiimwage chooni, usiizike, usiichome "kidogokidogo" nyuma ya nyumba. Kibati cha fataki kiheshimu kuliko makopo, maana fataki hulipuka kwa kugongwa tu, na zikiwa pamoja moja huweza kuziwasha nyingine. Risasi ulizojaza usizifumue kurudisha marisau. Ziweke peke yake, ziandike, zikabidhiwe pamoja na vingine.

Bunduki nayo ina kesi yake. Fungua, hakikisha ni tupu, ondoa mitutu kwenye kitako kama unavyofanya unapoisafisha, uielekeze kwenye mwanga wa dirisha. Angalia kila mtutu kutokea nyuma, kisha kutokea mbele. Mtutu mzima unaonyesha mistari ya mwanga iliyonyooka. Ukiona kivuli cheusi cha mviringo kama pete mahali fulani, hapo pamevimba. Pitisha kidole kwa nje taratibu sehemu hiyohiyo, mara nyingine kidole hutambua kabla ya jicho. Ukiona au ukihisi kitu, bunduki hiyo imemaliza kazi mpaka fundi silaha mwenye leseni aseme vinginevyo. Hata usipoona kitu, mpelekee aikague, kwa sababu ufa kwenye chemba na ulegevu wa bawaba havionekani dirishani. Polisi watakuelekeza fundi anayetambulika, na uliza pia kibali cha kuisafirisha.

Wakati mitutu iko nje, igeuze utazame sehemu bapa ya chini, upande wa chemba. Bunduki za Kiingereza zimegongwa mihuri ya nyumba za majaribio za London au Birmingham. Ukikuta maneno NITRO PROOF, ilijaribiwa kwa baruti isiyo na moshi. Usipoyakuta, usihitimishe mwenyewe, mwonyeshe fundi, kwani huenda ni ya baruti nyeusi tu, na hapo hata risasi ya kawaida ya dukani haiifai. Tafuta pia urefu wa chemba. Bunduki nyingi za zamani za Kiingereza zina chemba ya inchi 2½, yaani milimita 65, wakati risasi nyingi za leo ni za milimita 70. Mtego wake ni huu: urefu wa risasi hupimwa ganda likiwa limefunguka baada ya kupigwa. Kabla ya hapo ni fupi, linaingia kwenye chemba ya 65 bila kugoma, na unadhani limefaa. Likifunguka, mdomo wake unaingia kwenye koo la mtutu na kubana njia, presha inapanda. Kwa hiyo usiende dukani kuomba "namba 12" tu. Nenda na urefu wa chemba ulioandikwa na fundi.

Kuhusu gharama, nakuelewa. Kasha la risasi 25 si pesa ndogo kwa mtu aliyeuza viazi kwa bei ya mwaka huu. Ila bunduki isiwe ulinzi wako wa kila usiku. Mfuate Afisa Wanyamapori wa wilaya, kwanza kwa sababu kuua mnyamapori hata shambani kwako kuna taratibu zake, pili kwa sababu ndiye anayejua wenzako wa vijiji vya jirani wamefanikiwa kwa njia gani. Kufyeka ukanda mpana kati ya shamba na msitu, dungu la zamu kwa majirani wote badala ya kila mtu kulala kwake, na kutoyaacha mahindi yakikauka shambani wiki nyingi kunapunguza nguruwe kuliko mshindo wa mara mojamoja, ambao wanauzoea.

Limebaki la mashine. Iache kama ilivyo, bila fundi kuigusa, na umuulize Mkuu wa Polisi moja kwa moja kama unaweza kubaki nayo ikiwa tupu, imesafishwa, bila baruti wala fataki ndani ya nyumba. Omba jibu kwa maandishi. Akisema ikabidhiwe, ikabidhi, na kwanza ipige picha ikiwa mezani kwa baba yako. Mihuri ya mitutu nayo ipige picha karibu, unitumie nikusaidie kuisoma, ila funika namba ya bunduki kwa kidole.